Jina la Mdokozi

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Fundi yalikuja mkono kwa mkono na mjukuu mwenyewe, msichana wa miaka mitatu mwenye begi la mgongoni kubwa kuliko mgongo.

Fundi alikuwa ametengeneza mafriji kwa miaka arobaini. Mtaa mzima ulimjua kwa kazi hiyo na kwa mdomo wake, maana hakuna aliyepita mbele ya karakana bila kubandikwa jina. Binti yake wa pekee naye alibandikwa Mdokozi akiwa na miaka mitano, na jina likaganda. Kisa chenyewe alikisimulia kila palipokusanyika watu, hata siku ya harusi ya binti huyo: jinsi alivyosikia mota ya friji ikinguruma usiku, akajua mlango umeachwa wazi, akanyata hadi jikoni na kumfuma mwizi wa mboga amesimama pekupeku. Akamzaba kofi. Mwizi asikome, ikabidi friji ipigwe komeo na kufuli. Watu walivunjika mbavu, na bibi harusi alicheka nao.

Sasa Mdokozi alikuwa muuguzi, na alitakiwa kwenda mafunzo ya wiki mbili mji mwingine. Mumewe alikuwa kazini mbali. Fundi, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi, alijitolea kukaa na mtoto kabla hajaombwa. Alipaka chumba rangi, akanunua kitanda kidogo, akawatangazia majirani mpaka wakamchoka. Nyumba ilikuwa imemwelemea kwa ukimya. Wiki mbili za kelele za mtoto alizitamani kuliko kitu chochote.

Jioni ya kwanza, siku moja kabla ya kusafiri, binti alichomeka taa ndogo kwenye soketi iliyo karibu na kitanda. Mwanga wake ulikuwa hafifu, wa rangi ya chungwa.

"Hii inawaka mpaka asubuhi, Baba. Usiizime."

"Utamharibu huyu. Giza halijawahi kung'ata mtu."

"Usiizime tu, tafadhali."

Fundi aliitika, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Binti alipoingia kuoga, yeye akaenda kumuaga mjukuu alale salama, na alipotoka chumbani taa ilikuwa mfukoni mwake. Alijiambia kwamba anamkomaza mtoto. Akatega sikio mlangoni, hakusikia kilio, akaenda zake kusikiliza redio huku amejaa sifa.

Aliyemkuta mtoto ni mama yake. Mdogo huyo alikuwa amekaa kitandani gizani, macho kodo, ameloa mpaka soksi.

"Mbona hukuniita?"

"Babu kasema wakubwa hawaiti."

Binti alimbadilisha nguo, akambeba hadi sebuleni, akazima redio. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia Fundi wasiwasi.

"Baba, mimi sikuwahi kudokoa."

"Ya nini kufukua hayo? Yameshapita."

"Mlikuwa mnazima taa zote. Swichi za ukutani sikuzifikia, ila mlango wa friji niliufikia. Nilikuwa naufungua, nasimama pale kwenye mwanga mpaka moyo utulie, halafu narudi kulala. Ulishawahi kukuta nyama imepungua?"

Hapo Fundi akakumbuka. Mkewe, Mungu amrehemu, alimwambia zamani zile kwamba hakuna kinachopungua, sufuria ziko vilevile alivyoziacha. Naye akamjibu kwamba mwizi hodari haachi alama. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Yeye aliyesifika kwa kujua ubovu wa friji kwa kuisikiliza tu, alikuwa amepiga kufuli taa ya mwanawe.

"Sasa mbona hukusema?" aliuliza. "Si ungeniambia tu, mwanangu?"

"Nilikuambia. Usiku uleule. Nilisema, Baba, naangalia taa. Ukanizaba kofi la pili, la kusema uongo."

Fundi alilitafuta kofi hilo kichwani mwake. Aliikumbuka friji ile, na rangi yake, hata kompresa aliyoifunga mwaka huo kwa mikono yake mwenyewe. Kofi la pili hakulikumbuka kabisa, na hilo lilimuuma kuliko kama angelikumbuka.

Aliitoa taa mfukoni, akaiweka mezani.

"Nisamehe, mwanangu. Itawaka. Itawaka kila siku, na nitakaa naye mpaka apitiwe na usingizi."

"Nilishakusamehe, Baba. Zamani sana." Alimfuta mtoto kamasi kwa ncha ya kanga. "Lakini kesho naondoka naye. Mafunzo nitaomba niyafanye mwakani."

"Si umesema umenisamehe?"

"Mimi ni mtu mzima, nimeweza. Huyu ana miaka mitatu."

Fundi aliinuka, akasogea kwenye kochi walipokaa, akanyoosha mkono amguse mjukuu shavuni. Mtoto aliutazama mkono ule ukija, akaficha uso shingoni mwa mama yake.