Sifa za Kizuizi

Kidonda cha mgongoni kilikuwa kimefunguka tena. Visanduku alimshika Baba Mdogo begani na kiunoni, akamgeuza taratibu alalie ubavu, na Mama Mdogo akapitisha mkono kwa nyuma akiwa na kitambaa cha maji ya chumvi. Harufu ikapanda ikajaa chumbani. Baba Mdogo, ambaye kiharusi kilimwachia upande mmoja tu wa mwili, alikunja nusu ya uso akaguna.

"Pole, baba. Pole. Tunamaliza," Mama Mdogo akasema, ingawa ndiyo kwanza anaanza.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Kitanda upande huu, meza ya kupigia pasi upande ule, na katikati kamba yenye mashati na sare za watu, zimenyooka mpaka unaona haya kuzigusa. Mama Mdogo alikuwa akifulia watu na kuwapigia pasi. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea Visanduku tangu mama yake mzazi alipofariki, ikamvusha shule, ikamfikisha chuo akasomea kompyuta. Mkono wa kulia wa Mama Mdogo ulikuwa na makovu ya moto hadi kwenye kiwiko.

Juu ya bati kikapita kitu kinavuma kama nyigu.

"Hilo dude limekuja tena," Mama Mdogo akasema bila kuinua macho. "Eti linapiga picha za barabara. Barabara gani? Huku hata punda anachagua pa kukanyaga."

Visanduku aliendelea kumshikilia mgonjwa. Lile dude, droni ya kupiga picha, alilijua kuliko mtu yeyote pale mtaani. Picha zake zilikuwa zikienda moja kwa moja kwenye mfumo alioubuni yeye.

Jina la Visanduku alipewa ofisini, kwa sababu haanzi kazi mpaka achore visanduku ubaoni. Ndiyo kazi ya mtu wa modeli. Kabla programu haijaandikwa, lazima mtu aamue dunia ya programu hiyo ina vitu gani, na kila kitu kina sifa gani. Unachora kisanduku, unaandika "mti", chini yake unaweka urefu na mahali ulipo. Unachora kingine, "kaburi". Kingine, "nyumba". Kisha unatazama nini kinafanana na nini, unayachukua yanayofanana na kuyatupa yanayotofautiana, ili waandishi wa programu wasiandike jambo lile lile mara kumi.

Mfumo ulikuwa wa barabara kuu mpya. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kila kilichosimama kwenye njia na kupanga siku ya kukiondoa. Siku ile Visanduku alisimama mbele ya ubao uliojaa visanduku: nyumba, banda, mti, kaburi, choo, rundo la taka. Alivitazama hadi akaona. Vyote ni kitu kimoja! Akafuta kisanduku cha nyumba kwa kiganja, akafuta cha kaburi, akafuta vyote, akachora kimoja kikubwa katikati na kuandika "Kizuizi". Sifa zake tatu: kiko wapi, kina ukubwa gani, kitaondolewa lini. Basi.

Mtu asiye wa kazi ile hawezi kuujua utamu wake. Wenzake walipiga makofi. Bosi, mwenye kampuni, alimshika bega akasema, "Ona akili hiyo! Nusu ya kazi imeisha." Na Visanduku akaenda kulala akiwa na furaha. Hilo ndilo lililokuja kumtia kinyaa baadaye kuliko yote, ile furaha.

Kwa maana wakati ule barabara ilikuwa ikipita kwenye maghala ya watu wazito. Halafu asubuhi moja ikaamka imepinda. Hakuna aliyeeleza, na hakuna aliyeuliza. Ramani mpya ililetwa na mhandisi wa serikali, mzee nadhifu anayenukia manukato. Yale maghala yakabaki salama upande wa kushoto, na mstari ukakata katikati ya mtaa wa mabati wa kina Mama Mdogo. Ofisi nzima ikafanya funika kombe mwanaharamu apite.

Visanduku alijaribu. Haki yake apewe. Kwenye kikao aliongeza sifa ya nne.

"Hiyo ya nne ya nini?" Mhandisi akauliza.

"Ya kujua kama ndani kuna mtu, mheshimiwa. Kuna nyumba za watu pale."

"Habari ya watu iko kwenye mkataba mwingine. Huu ni wa barabara."

"Huo mwingine anao nani?"

Mhandisi alimtazama Bosi, kama mgeni anavyomtazama mwenye mbwa anapobwekewa getini.

"Dada yetu anapenda kazi kamili, mheshimiwa," Bosi akacheka. "Hakiharibiki kitu. Sifa ibaki: 'Kuna mtu, ndiyo au hapana.' Na pasipokuwa na jibu, mfumo wenyewe uweke 'hapana'. Visanduku, si ndivyo mnavyofanya siku zote?"

Ndivyo. Kwenye kazi ile kila swali lazima liwe na jibu la kuanzia, la sivyo programu inakwama. Alishafanya hivyo kwa maelfu ya mambo mengine: rangi, lugha, ukubwa wa herufi. Akakubali, na akatoka kikaoni akidhani ameshinda. Nani angeandika "ndiyo"? Droni haipigi hodi milangoni. Hilo hakujiuliza, na alikuwa na akili ya kujiuliza.

Sasa, mikono yake ikiwa bado inanuka kidonda cha Baba Mdogo, alirudi ofisini, akaifungua ramani, akaitafuta nyumba ya Mama Mdogo kati ya vidoa vyekundu. Akabadilisha "hapana" ikawa "ndiyo". Kidoa kikageuka kijani. Akashusha pumzi.

Haikupita nusu saa Bosi akamwita. Mfumo ulikuwa unaonyesha jina la kila anayeugusa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshikilia kuwa uonyeshe.

Bosi alikuwa amekaa anakata kucha juu ya meza. Vipande viliruka, kimoja kikatua kwenye kikombe cha chai, wala hakushtuka.

"Pale kuna nani wako?"

"Mama yangu mdogo. Na mumewe, hawezi kutoka kitandani."

"Lo! Ungesema mapema. Sisi si wanyama, dada." Akakata ukucha mwingine. "Nyumba moja haiwezi kunigombanisha na wewe. Kijani ibaki. Ila na wewe nisaidie. Mhandisi anataka saini ya mtu wa modeli, kwamba mfumo umejaribiwa na hauna kasoro. Mkono mtupu haulambwi."

"Na majirani zake?"

Bosi akaacha kukata kucha. "Majirani nao wote ni mama zako wadogo?"

Visanduku aliutazama ule ukucha ukielea kwenye chai. Akamfikiria Baba Mdogo anayegeuzwa na watu wawili, akamfikiria kwenye mvua, akachukua kalamu na kusaini. Kisha akaupangusa mkono kwenye sketi, ingawa haukuwa na kitu.

Jioni alimpigia Mama Mdogo. Mtaani tangazo la bomoabomoa lilishapita, na watu walikuwa wameanza kung'oa mabati yao.

"Wewe usihame," akamwambia. "Nyumba yako haimo. Nimehakikisha mwenyewe."

"Kweli, mwanangu? Maana yule fundi viatu amenitafutia banda huko kwao, anasema niwahi kabla hajalichukua mwingine."

"Mwache achukue. Tulia."

Mama Mdogo akatulia. Angeachaje kutulia? Mtoto aliyemsomesha mwenyewe ndiye aliyesema.

Jumatatu alfajiri simu ikaita, na Visanduku akasikia mngurumo kabla ya sauti ya Mama Mdogo. Alikimbia na kandambili. Alipofika, tingatinga lilikuwa limesimama hatua chache kutoka mlangoni, na Mama Mdogo amesimama mlangoni na shati la mtu mkononi. Majirani waliokuwa wamebaki walikuwa wanapiga kelele. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ameshuka na tableti yake, jasho linamtoka.

"Mama, mimi ni dereva tu. Tazama mwenyewe hapa. Nyekundu. 'Kuna mtu: hapana.'"

"Hapana?" Mama Mdogo akajipiga kifua. "Na mimi hapa ni nini, baba? Jini?"

"Nakuona, mama. Lakini kazi yangu inafuata hiki. Nikiacha chekundu nyuma yangu, kesho kiti hiki anakaa mwingine."

Visanduku alimpigia Bosi. Simu ilipokelewa haraka, kama vile ilikuwa inangojwa.

"Ulisema itabaki kijani!"

"Sijaigusa, dada. Mhandisi aliagiza picha mpya jana. Picha mpya zikiingia, mfumo unaanza upya. Si ndivyo ulivyouchora?"

Ndivyo alivyouchora. Picha mpya inafuta ya zamani, na kila kizuizi kinaanza na jibu lake la kuanzia. Ilikuwa safi sana hivyo, haikuacha uchafu wa taarifa zilizopitwa na wakati.

"Simamisha! Nakuomba!"

"Nisimamishe kwa kasoro gani? Una saini yako hapa inasema hauna kasoro." Akakata simu.

Majirani walimtoa Baba Mdogo na godoro lake, wanaume wanne, wakamweka kando ya njia. Alikuwa analia kwa jicho moja. Mama Mdogo aliingia akatoka, akaingia akatoka, na kila akitoka amekumbatia nguo za watu, si vyombo vyake wala nguo zake. Alipoingia mara ya mwisho walimvuta kwa nguvu. Tingatinga likasukuma mara moja tu, na ile nyumba ikajikunja ikalala. Kamba ilikatika na sare za shule za watoto wa watu zikaenda chini ya minyororo.

Vumbi lilipotua, Mama Mdogo alikaa juu ya bati lililopinda. Visanduku alichuchumaa mbele yake.

"Si uliniambia nisihame?"

"Nilikuambia."

"Wewe uliambiwa na nani?"

"Sikuambiwa, mama. Hiyo wanayosoma kwenye tableti, nimeitengeneza mimi."

Mama Mdogo hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Ndiyo kazi niliyokusomeshea?"

Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku hiyo na iliyofuata alizunguka akitafuta chumba. Kwake alikuwa anaishi ghorofa ya nne, chumba anachogawana na mwenzake, na mwenye nyumba alipousikia mpango akamwambia wazi kwamba mgonjwa wa kitandani hapana, ataozea humo, wapangaji watakimbia. Kila alikobisha hodi vyumba vilikuwepo, hadi alipotaja kidonda. Hapo ghafla vikawa vimejaa. Banda la kwa fundi viatu lilikuwa limeshachukuliwa. Na Mama Mdogo mwenyewe hakutaka kuondoka pale mpaka wenye nguo waje, wale wa kudai na wale wa kutukana. Walikuja wa aina zote mbili. Alilala kando ya godoro la mumewe, shuka limefungwa kwenye vijiti viwili kuzuia jua na umande.

Jumatano Visanduku aliitwa ofisini bila kukosa. Mhandisi alikuwa amekuja na wageni kuonyeshwa mfumo. Kioo kikubwa kiliwashwa, ramani ikatokea, na mstari wa barabara ulikuwa mweupe, safi, umesafishwa mwanzo hadi mwisho. Wageni wakaguna kwa kuridhika. Bosi alikuwa na tai mpya.

"Hizi ni picha za leo asubuhi, waheshimiwa," akasema. "Mtaona jinsi mfumo wenyewe unavyolinda njia. Hakuna haja ya kutuma mtu akaangalie."

Picha zikaingia moja moja. Kisha katikati ya ule weupe kikajitokeza kidoa chekundu, chembamba.

"Hicho nini?" Mhandisi akauliza.

"Kizuizi kipya, mheshimiwa. Kimewekwa baada ya njia kusafishwa. Mfumo umekikamata peke yake!" Bosi akakikuza.

Visanduku aliona godoro. Aliona shuka na vijiti, na chini ya shuka miguu miwili, mmoja umenyooka na mwingine umelala vibaya, umepinda kwa ndani, vile ambavyo ulikuwa ukilala siku zote usiporekebishwa. Pembeni alionekana mwanamke kwa juu, utosi na mabega tu, ameinama anakunja nguo.

"Safi sana," mgeni mmoja akasema. "Na kikubwa kiasi gani?"

"Urefu wa mita moja na kitu. Kidogo tu. Hata tingatinga halihitajiki, kijiko cha kuchotea kifusi kinatosha."

Wakacheka. Visanduku akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ni mtu," akasema. "Huyo ni mtu. Ni baba yangu mdogo!"

Bosi akatazama viatu vyake. Mhandisi alimgeukia Visanduku kwa upole, upole ule wa mtu anayezungumza na mtoto wa mwenzake, akatazama saa.

"Jambo zuri umelitaja," akasema. "Liandike, tutalizungumza kwenye toleo lijalo."

Kisha akawageukia wageni akaendelea kueleza. Nyuma yake, kwenye kioo, mraba mwekundu ulikuwa umelizunguka godoro sawasawa, pande zote nne, na chini yake mfumo ulikuwa umeshajiandikia: Kuna mtu: hapana. Kitaondolewa: kesho asubuhi.