Saa Sita Nilizozifuta

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo ndani ya ukurasa wa wahariri wa gazeti letu la mtandaoni, ule unaofunguliwa kwa neno la siri ili kupandisha habari. Sikushangaa kujikuta humo. Nina wiki tatu nausafisha: naondoa kasoro, natoa mistari ya programu iliyochakaa na kuweka mipya.

Ndani kulikuwa na korido ndefu ya ofisi. Kitufe cha Chapisha kimekaa kwenye stuli, kinamenya chungwa.

"Kijazi," kinaniambia, "alfajiri hii saa kumi nina kazi. Natoa tangazo la msiba wa Bi Sikudhani."

Nikakisahihisha. Bi Sikudhani ni mhariri wetu wa matangazo. Jana mchana alifiwa na dada yake, na tangazo akaliandika mwenyewe, akalipanga litoke leo saa nne asubuhi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nilimpa pole, nikarudi kwenye usafi wangu.

"Ni saa nne," nikasema. "Si saa kumi."

"Ilikuwa saa nne," kikajibu na kutema kokwa. "Halafu ukapita wewe."

Nikakumbuka. Jioni ile nilikuta mstari mmoja wa zamani umeandikwa: ongeza saa sita. Basi, hakuna maelezo, hakuna jina la aliyeuandika. Nikasema moyoni, mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni ndiye mimi. Nikaufuta. Kisanduku kwenye skrini kikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza Ndiyo kabla sijamaliza kukisoma.

Korido ikawa chumba cha kungojea. Juu ya mlango pameandikwa: TAKATAKA. VILIVYOFUTWA HUKAA HUMU SIKU THELATHINI. Kwenye benchi wameketi wanawake sita, watu wazima, kila mmoja na begi lake miguuni. Nilijua mara moja kwamba ndizo zile saa sita.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia kwa pamoja. Mkubwa wao akanipima toka utosini hadi kwenye viatu. "Ndiye huyu fundi?"

"Ndiye mimi."

"Tumefanya kazi humu miaka kumi na minne, mwanangu. Mtu unamfutaje bila kumuuliza kazi yake?"

"Nilidhani ninyi ni kasoro."

Wakatazamana.

"Wenzako wakiandika saa nne asubuhi," akasema, "mashine inahesabu saa nne tangu usiku wa manane. Hiyo ni saa kumi alfajiri. Sisi ndio tunaosimama hapo katikati, watu wapate asubuhi yao. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

Mimi ni mbishi hata nikiwa usingizini. "Tangazo likiwahi kutoka kuna ubaya gani? Watu wataamka walikute."

Benchi likaanza kutikisika, na nilipotazama vizuri lilikuwa kiti cha basi la safari ndefu. Dirishani ameketi binti wa miaka ishirini hivi, simu mkononi, kopo la asali magotini.

"Huyu ni Tunu," yule mkubwa akaninong'oneza. "Mtoto wa marehemu. Anatoka Tabora, yuko peke yake. Ameambiwa mama anaumwa, aje. Atafika nyumbani saa tatu na kitu. Mama zake wadogo watamwingiza ndani, watamkalisha, watamshika, ndipo aambiwe. Mtu haambiwi msiba akiwa njiani. Na simu yake inapokea kila tangazo la gazeti lenu."

Tunu akanigeukia. "Kaka, eti asali inamfaa mtu mwenye kifua?"

"Inamfaa sana," nikasema.

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda hadi masikioni. Nikakunja mikono ya shati.

"Nawarudisha wote," nikawaambia.

"Saa moja hubebwa kwa saa moja," akasema mkubwa wao. "Hakuna njia ya mkato."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne usiku."

Nikahesabu kwa vidole. Nne na sita, kumi.

"Zinatosha," nikasema.

"Zinatosha ukiacha maneno."

Nikambeba wa kwanza mgongoni na begi lake. Basi likawa ngazi, nami nikapanda. Nikamshusha juu, nikarudi kumchukua wa pili. Njiani kosa namba mia tano na nne, ambalo nimelitafuta wiki nzima bila kuliona, likanishika suruali likaomba nilirekebishe sasa hivi. Nikaliambia lipange foleni. Wa tatu alisinzia begani kwangu. Wa nne alilalamika safari nzima kwamba nina mifupa. Wa tano alinihesabia ngazi kwa sauti na kila akikosea anaanza upya. Wa sita nilimpandisha kwa magoti, kwa sababu miguu ilikuwa imegoma. Nilikuwa nimekata shauri: hata kwa tumbo angefika.

Juu kabisa kisanduku kimeziba njia, mikono kiunoni.

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

"Jana pia ulisema ndiyo."

Kikaninyooshea nafasi nyeupe chini ya kifua chake, palipoandikwa Sababu ya Badiliko. Tangu niajiriwe sijawahi kuijaza hata mara moja.

"Jaza," kikasema. "Wapo watakaokuja baada yako."

Nikaandika: Tunu bado yuko njiani.

Kikasoma polepole, kikarudia. Kisha kikasogea pembeni, na wale wanawake wakapita mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa wasigonge juu.

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na dakika tatu alfajiri, miguu imekufa ganzi. Nikafungua kompyuta. Tangazo halijatoka, linangoja saa nne. Ule mstari umerudi mahali pake, umewekwa saa kumi kasoro dakika moja, kwa jina langu. Hilo ningeweza kulimeza. Wapo watu hutembea usingizini, mimi pengine hufanya kazi.

Nilikaa hadi kukacha. Saa tatu na robo nikampigia simu Bi Sikudhani, nikampa pole upya, nikashindwa kujizuia.

"Samahani, Bi Sikudhani. Tunu ni nani?"

Nyuma yake nilisikia wanawake wengi wakipunguza sauti kwa wakati mmoja.

"Nani kakutajia Tunu?" akanong'ona. "Ndiyo kwanza anavua viatu hapa mlangoni. Niache, nikamshike."