Ndoo ya Saba

Alhamisi saa tatu asubuhi, Ngadiman alilala chali chini ya lori la maji la Trimo, akasukuma beseni chini ya rejeta na kufungua koki kwa koleo, kwa kuwa kishikio chake kilishakatika zamani. Hii ilikuwa pampu ya maji ya tatu ndani ya miezi miwili. Alikuwa na hasira na hakuificha. Alimsema Trimo polepole, bila kupaza sauti, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

"Maji ya kisima cha chumvi unatia. Maji ya mfereji wa mpunga unatia. Siku moja utatia mchuzi."

"Mchuzi ghali, fundi," alisema Trimo, aliyechutama kando akivuta sigara ya karafuu.

"Unabeba lita elfu tano mgongoni, na injini inakufa kwa kiu. Wewe huoni aibu?"

Trimo alikung'uta majivu ya sigara. Lori lake ndilo lililonywesha kijiji cha Ngasinan tangu kampuni ya maji ilipozungushia uzio chemchemi ya Klampok, miaka minne iliyopita. Kabla ya hapo hakuna aliyenunua maji Ngasinan. Wanawake walifulia Klampok, watoto waliogea Klampok, na mtu akifa aliogeshwa kwa maji ya Klampok. Sasa visima vilikuwa vimebaki tope, na chemchemi iliondoka kijijini kwa bomba ikarudi dukani ndani ya vikombe vya plastiki vyenye mrija, arobaini na nane kwa katoni.

Hasira ya Ngadiman, hata hivyo, haikuwa ya pampu tu. Jumamosi binti yake Wuryani alitakiwa, kwa desturi, kuogeshwa kwa maji ya chemchemi saba, na Jumapili aolewe. Ndoo sita zilikuwa tayari jikoni, zimefunikwa majani ya migomba. Ya saba lazima iwe ya kijiji cha bibi harusi mwenyewe. Mkewe, Sumirah, alikuwa amekwenda getini kwa kampuni mara tatu na ndoo tupu, na mara tatu mlinzi alimrudisha. Mlinzi huyo alikuwa Kuncoro, mtoto wa dada yake Ngadiman, ambaye alijifunza kuogelea humo humo Klampok.

Wuryani alisema sita zinatosha. Sumirah alisema bibi harusi asiyejulikana na maji ya kwao atakuwa mgeni katika nyumba zote mbili. Ngadiman, tangu siku hiyo, alikuwa akikaza bolti kupita kiasi, na mbili zilikuwa zimemkatikia.

Alitoa mkanda, akatoa feni, akafungua bolti sita za pampu na kuichomoa. Beringi ilikuwa imesagika kuwa unga. Mapanga ya ndani yalikuwa yamepinda yote upande mmoja, wa kushoto.

"Ilikufa wapi safari hii?"

"Pale pale. Mbele ya geti la kampuni."

"Mara ya tatu."

"Nikifika pale maji yanavuta, fundi. Usukani wenyewe unakwenda kushoto. Nikishapita, yananyamaza."

"Beringi mbovu," alisema Ngadiman, maana fundi lazima aseme kitu.

Akatoa thamostati, akaunga mpira kutoka kwenye tangi la lori hadi juu ya injini, akafungulia ili asafishe njia za maji. Kutu ilitoka kwenye tundu la pampu, nyekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni. Kwa kawaida lori la Trimo lilihitaji kusafishwa mara tatu au nne kabla maji hayajang'aa. Safari hii yaling'aa ndani ya dakika mbili, na yakawa ya baridi hadi vidole vikamuuma. Alifunga mpira. Maji yakaendelea kutoka.

Aliuchomoa mpira kabisa, akauweka pembeni. Tundu lile, pana kama mdomo wa kikombe, liliendelea kutapika maji safi yakapita juu ya viatu vyake na kuelekea barabarani. Zilitoka punje za mchele uliooshwa. Yalitoka maua ya waridi na ya asmini, ya wale waliokuwa wakiweka sadaka Klampok kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Walitoka samaki wadogo watano wenye mstari mweusi ubavuni.

"Trimo. Zamani ulikuwa unajaza rejeta wapi?"

"Klampok. Miaka kumi na sita."

"Ulikuwa ukirudisha kata ya kwanza?"

Trimo alitazama kiatu chake. Kila mtu Ngasinan alijua kwamba achotaye Klampok huomba ruhusa kwanza, na kata ya kwanza huimwaga humo humo ilimotoka. "Nilikuwa na haraka, fundi."

"Na ruhusa uliomba?"

"Nilikuwa napiga honi."

Ngadiman alishusha pumzi. Kumbe kata zote zile zilikuwa bado zimo ndani ya injini, zikisubiri kurudishwa, na kila zikipita getini zilitaka kushuka. Jambo lilikuwa wazi, lakini halikumsaidia. Gundi ya gasketi haishiki penye unyevu. Alikausha chuma kwa kitambaa, kikalowa. Akakausha tena, kikalowa tena. Alitupa kitambaa ukutani.

Ndipo sauti zikaanza kutoka na maji. Zilikuwa za wanawake wakipiga nguo juu ya mawe na kumsengenya mke wa mtu fulani ambaye, kwa maelezo yao, alitia sukari kwenye kila kitu. Ngadiman alimtambua mama yake kwa kikohozi kabla hajazungumza. Alikuwa amekufa miaka kumi na moja iliyopita.

"Diman," ilisema sauti. "Toka majini. Midomo imekuwa buluu."

"Ndiyo, Mama," alijibu Ngadiman, akarudi nyuma hatua moja hadi viatu vyake vikatoka kwenye dimbwi.

Kufikia saa tano foleni ya ndoo ilikuwa imefika duka la mbolea. Hakuna aliyeuliza maswali. Kila aliyefika aliomba ruhusa, alimwaga kata ya kwanza juu ya injini, akajaza ndoo yake na kumpisha wa nyuma. Sumirah alikuja na ndoo ya bati aliyopewa siku ya harusi yake mwenyewe. Wanawake wengine walimwambia Ngadiman asirudishe pampu, Trimo atafute lori jingine, na Trimo akasema lori jingine wampe wao.

Saa sita kasorobo ofisa wa kampuni alifika na pikipiki, Kuncoro amepanda nyuma. Ofisa alionja maji kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali, kisha akasoma karatasi. Maji yote ya chemchemi ya Klampok, yatokeapo popote, juu ya ardhi au chini yake, ni ya kampuni kwa miaka ishirini na sita iliyobaki. Injini haikutajwa, alisema, lakini ilikuwa imo ndani ya neno popote.

"Yalikuwa humo kabla hamjaja," alisema Ngadiman.

"Basi yalikuwa humo bila kibali."

"Mjomba, usibishane," alisema Kuncoro kwa sauti ndogo. "Mimi mwenyewe nimewaombea ndoo. Ya harusi."

"Umeniombea maji ya mama yangu?"

"Nimeomba mbili. Wamekubali moja."

Ngadiman alitamani kumpiga kofi, na alitamani zaidi kumpiga ofisa, lakini mwenye nguvu mpishe. Watu walimwaga ndoo zao ndani ya tangi la Trimo, ambalo sasa lilipaswa kupelekwa kiwandani. Mzee mmoja aliinywa yake yote papo hapo, lita kumi, kisha akaenda kukaa kivulini. Sumirah aliweka alama ya kidole kwenye karatasi, na ndoo yake ikabaki.

"Sasa ziba," alisema ofisa.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Ngadiman hadi macho yakamuuma. Kampuni ilikuwa na mafundi wake, na hakuna aliyetumwa. Kijiji kizima kilikuwa kikitazama mikono yake. Lakini bila lori hilo, kesho hakuna ambaye angekuwa hata na maji ya wali. Alichukua pampu mpya na gasketi yake. Kutoka kwenye tundu mama yake alikuwa akiuliza kama amekwisha kula.

"Bado, Mama," alisema.

Gasketi ilipogusa chuma, maji yalikatika, na chuma kikakauka chenyewe. Alikaza bolti sita kwa kupishanisha, moja juu, moja chini, na safari hii hakuzidisha. Wanawake waliondoka na ndoo tupu.

Jumamosi asubuhi, kabla ya binti yake kuogeshwa, Ngadiman alichota kata ya kwanza kutoka ndoo ya saba akaipeleka getini. Kuncoro alisema hakuna kinachoruhusiwa kuingia, kwa sababu ya usafi. Ngadiman aliyamwaga maji juu ya lami. Yalipanda mteremko, yakapita chini ya geti na kuelekea nyumba ya mashine. Kuncoro aliinua mguu mmoja, kisha wa pili, yapite.

Wuryani aliogeshwa mchana, ameketi juu ya mkeka, maua yamemganda mabegani. Baba yake ndiye aliyemimina kwanza. Maji ya ndoo sita yalikuwa ya uvuguvugu wa jikoni. Yale ya saba yalimfanya ashtuke kwa baridi na kumshika mama yake mkono, na Sumirah akalia wazi wazi mbele za watu.

Jumapili wageni walijaa uani. Trimo alichelewa akaja kwa miguu, shati limelowa jasho. Lori lilikuwa limekufa tena mbele ya geti, alisema. Ngadiman alimwambia atalitazama Jumatatu, kwa sasa ale kwanza.

Kisha alikaa. Kijana wa kuhudumia alimwekea sahani ya wali na kikombe cha plastiki kutoka kwenye katoni walizonunua dukani. Ngadiman alitoboa kifuniko kwa mrija. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na punje moja ya mchele uliooshwa, na sauti ndogo iliyomwambia Diman atoke majini.

"Ndiyo, Mama," alisema. Akanywa mpaka mrija ukakwaruza, akaagiza katoni nyingine ifunguliwe, maana wageni walikuwa wengi na jua lilikuwa kali.