Gari Lililosalimiwa Mno

Mfuniko wa sufuria ulianza kugonga kabla jogoo hajawika. Tik, tak. Tik, tak. Ukanyamaza kidogo, ukaanza tena. Janeth aliusikiliza gizani, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa mwanawe Rhoda, ambaye hatimaye alikuwa amepata usingizi.

"Nani anakata kona saa hizi?" Hiza aliuliza bila kufumbua macho.

"Ni sufuria."

"Aa." Akageukia ukutani.

Tangu skrini ya gari izime, sauti zake zilikuwa zimehamia jikoni. Ile ya taa za kona ilikaa kwenye mfuniko wa sufuria ya ugali. Kengele ya kukumbusha mkanda iliingia kwenye vikombe, ikawa inalia kila mtu akikaa kwenye kigoda bila kufunga chochote kiunoni. Yule mwanamke wa kuelekeza njia alikwenda kukaa mtungini, na mara mojamoja, kwa upole, alisema kwamba njia ya Korogwe iko wazi. Janeth alichota maji, akafunika mtungi, akaendelea na shughuli zake.

Gari lenyewe lilikuwa uani, kati ya banda la kuku na migomba, jeupe, matairi mazima, betri imejaa. Lilikuwa na afya ya kila kitu isipokuwa kile kioo cha kugusa kilichokaa katikati ya dashibodi, kikubwa kama sinia la pilau. Na kwa gari lile kila kitu kilikuwa ndani ya kioo: gia, breki ya kuegesha, taa, hata vifuta mvua. Halikuwa na ufunguo wa kuzungusha wala waya wa kubembeleza. Kioo kikifa, magurudumu yanajifunga, na gari linakuwa kabati.

Kampuni moja ya mjini ndiyo iliyolileta Kwedizinga, likabebe wagonjwa wa zahanati kuwapeleka Korogwe. Ni gari la umeme, walisema, halili mafuta, linakula jua. Hiza, aliyekuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya mkonge, akachaguliwa kuwa dereva. Mgeni siku mbili, lakini hili lilipewa jembe siku ileile.

Aliyelileta alisema jambo moja zaidi: gari linasikia Kiswahili na linajibu. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, kama lilikuwa kosa. Kwa sababu chombo kikiwa bubu unaweza kukipanda kimya, lakini kinachosikia na kujibu huwezi kukiingia kama mwizi. Mzee Semboja, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, aliketi kiti cha mbele, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Habari ya safari?"

"Nzuri," gari likajibu. "Karibu."

"Huko utokako hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na kazi? Na joto la huko mjini? Mvua mmepata?"

Gari likajibu yote, moja baada ya jingine, kisha likauliza kama mzee anataka kwenda popote. Mzee Semboja alisema hapana, alikuja kusalimia tu.

Tangu siku ile hakuna aliyepanda bila salamu kamili. Gari nalo lilijifunza. Lilisikia vijana wakiamkia wakubwa, likaanza kusema shikamoo lenyewe, na halikukosea mtu. Bibi Stefania, mama yake Janeth, alipanda akaamkiwa, akageuka kumtazama Hiza. "Lina adabu kuliko mkwe wangu," alisema, na Hiza akacheka kuliko wote. Wanawake wenye uchungu wa kuzaa walisalimia uchungu ulipoachia. Wagonjwa wa kifua walisalimia kwa pumzi waliyokuwa nayo. Waliorudi kutoka Korogwe wamefunikwa kitenge, ndugu zao waliwatolea salamu kwa niaba yao, na gari likasema pole.

Bibi Stefania naye alirudi hivyo wakati wa masika. Janeth ndiye aliyemtolea salamu.

Gari halikufikisha mavuno ya pili ya mahindi. Lilianza kwa kusahau. Lilimuuliza Hiza yeye ni nani. Lilimwamkia mtoto mchanga. Likamwita Mzee Semboja binti yangu, naye akaitika, maana si vizuri kumwaibisha mgonjwa. Halafu jioni moja, limeshiba jua, limeegeshwa uani, kioo kikawa cheusi na hakikurudi.

Jambo hili halikuwa dogo kwa Janeth. Rhoda alikuwa na sikoseli, na kila mwezi alitakiwa afike kliniki Korogwe kupimwa damu na kuchukua dawa. Barabara ikimtikisa, au upepo wa asubuhi ukimpiga, mifupa yake inawaka. Ndani ya gari lile alikuwa akisafiri kama yai kwenye pamba. Bila gari ilibaki bodaboda.

Kampuni ilimtuma fundi, kijana mstaarabu aitwaye Valentino, mwenye viatu visivyopenda vumbi. Alichomeka kompyuta yake chini ya usukani, akasoma muda mrefu. Janeth alimletea chai na mihogo. Mzee Semboja aliketi kwenye benchi, akisubiri kama anayesubiri majibu ya mwanawe.

"Kumbukumbu imeungua," Valentino alisema.

"Imeunguzwa na nini?" Janeth aliuliza.

"Kuandika. Kompyuta hii inaandika kila kitu. Mlango umefunguliwa, inaandika. Tairi imeingia shimoni, inaandika. Sasa mahali pa kuandikia ni kama ubao wa shule, ukifutwa na kuandikwa, ukifutwa na kuandikwa, mwisho ubao unatoboka." Akakohoa. "Na hapa kuna salamu nyingi sana, mama. Sijawahi kuona. Kuna mtu ameuliza habari za kuku."

"Mimi," alisema Mzee Semboja. "Lilikuwa limelala karibu na banda. Ningeacha kuuliza?"

"Ofisi wanaita hayo matumizi yasiyo ya kawaida, mzee. Gari limesalimiwa kupita kiasi. Dhamana ya gari haihusiki."

"Na yale yasiyosalimiwa?" Janeth aliuliza.

Valentino alitazama kikombe chake. "Yanakufa pia. Ughaibuni yalirudishwa yote, yakabadilishiwa kompyuta."

"Na hapa?"

"Hapa mmelisalimia."

Alimaliza mhogo, akashukuru, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Langoni alisimama, akaliangalia gari, akalipungia mkono, kisha akaushusha haraka.

Siku ya kliniki ilipofika Janeth alimfunga Rhoda mgongoni kwa khanga mbili, akavaa koti la Hiza juu yao wote, wakapanda bodaboda. Kabla hawajaifikia lami mtoto alikuwa ameshaanza kulia kile kilio kisicho na sauti. Walilazwa Korogwe. Janeth alikaa kando ya kitanda akimkanda miguu kwa maji ya uvuguvugu, akimhesabia vidole, akimwambia kwamba akipona watakwenda kuona reli. Yeye mwenyewe alikuwa anasoma masomo ya jioni, amefika kwenye sura ya umeme, na alikuwa ameelewa kwa nini taa inawaka. Lakini hilo halikumsaidia chochote usiku ule.

Walitolewa, wakarudi nyumbani. Mwezi ukasogea. Jioni ya kuamkia kliniki nyingine, kuku wakiingia bandani, watu wakaanza kufika uani.

Aliyetangulia alikuwa Mwinjuma, mchoma mkaa, aliyefariki kwa ini. Nyuma yake alikuja mwalimu wa madrasa, halafu mama mmoja wa mtaa wa juu na mtoto wake mgongoni, wale waliokwenda pamoja siku ileile. Wakaja na wengine, wote waliowahi kupanda gari lile wakarudi wamefunikwa. Bibi Stefania alikuja akiwa amevaa kitenge chake cha kwenda kanisani, akachungulia kwanza jikoni kuona kama moto umezimwa.

"Shikamoo mama," alisema Janeth.

"Marahaba mwanangu. Mtoto amekula?"

"Amekula. Niwapikie chai?"

"Hatunywi siku hizi. Mletee sweta."

Hiza alitoka na tochi akasalimia mmoja mmoja, na ilichukua muda. "Ndiyo hivyo," alimwambia Janeth. "Walikuwa wameandikwa mle ndani. Kumbukumbu imeungua, sasa wangekaa wapi?"

Walijipanga pande mbili za gari. Wakainama. Waislamu wakasema bismillahi, Wakristo wakasema kwa jina la Baba, wakaliinua begani. Hiza alikaa kwenye usukani, kwa kuwa yeye ndiye dereva. Janeth alikaa nyuma, Rhoda mapajani. Wakaenda kwa mwendo ule wa wachukuzi wa jeneza, wa haraka usio na pupa, wakipokezana: aliyekuwa nyuma anapita mbele, wa mbele anaachia bega, hakuna anayebaki hajagusa. Ndivyo wao wenyewe walivyochukuliwa.

Gari halikutikisika. Rhoda alilala njia nzima, mdomo wazi.

Kwenye lami malori yaliwapita yakipiga honi za kawaida. Askari wa usalama barabarani aliwasimamisha, akakagua leseni ya Hiza, akamulika matairi yaliyokuwa yananing'inia hewani. "Bado mazima," alisema. "Nendeni salama." Jua lilichomoza wakiwa kwenye mkonge, na dirisha la kliniki lilipofunguliwa wao walikuwa wameshafika. Waliliweka gari kivulini. Wabebaji wakaketi kando ya ukuta pamoja na watu wengine wanaosubiri wagonjwa wao, wakanyoosha miguu. Rhoda alipimwa damu akapewa dawa. Jioni wakarudi.

Janeth hakutaka jambo lile likae hivyo. Alipiga simu kwenye kampuni, akaeleza yote kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiingereza chake cha jioni, isije ikaonekana hajasema.

"Kwa hiyo dada, gari linafika Korogwe?" aliuliza msichana wa huduma kwa wateja.

"Linafika."

"Kwa wakati?"

"Kwa wakati. Lakini linabebwa. Na marehemu."

"Ndiyo, nimekusikia, pole sana. Lakini linafika."

"Linabebwa, dada yangu. Mmoja wao ni mama yangu."

Ukapigwa muziki kidogo, kisha msichana akarudi. "Nimeuliza kwa wakubwa. Wanasema kama linafika, basi kwa upande wetu tatizo limetatuliwa. Tunafunga malalamiko. Kuna kingine naweza kukusaidia?"

Hakukuwa na kingine.

Baadaye Valentino alitumwa Korogwe kupiga picha, gari likiwa linaingia kliniki. Alisimama juu ya ngazi, akaikata picha chini ya madirisha, mabega yasionekane. Picha ilitoka kwenye kalenda ya kampuni, mwezi wa Machi. Mwaka huohuo wakapeleka gari jingine la aina ileile Lutindi, kule mlimani, na kwenye kioo chake wakabandika karatasi: usilisalimie gari. Watu wa Lutindi wakalipanda kimya, wakitazama chini kwa aibu. Lilizima likiwa na umri uleule. Kampuni ikasema hilo halikuzoeshwa watu.

Miezi ikaenda. Mifupa ya Rhoda ilitulia, mashavu yakamjaa, akaanza kutaka kujua kila kitu. Janeth aliendelea kupiga simu kila baada ya kliniki. Kila mara ilifunguliwa namba mpya ya malalamiko, wakamuuliza kama gari linafika, akasema linafika, ikafungwa. Hakuacha. Alijiambia kwamba ipo siku simu itapokelewa na mtu mwenye mama.

Walio hai nao walijaribu. Mzee Semboja alikusanya vijana wenye nguvu, wakaweka mabega, gari halikunyanyuka hata unyoya. Lilikuwa zito kama lilivyokuwa. Janeth mwenyewe, safari moja, alifungua mlango njiani, akashuka, akaingiza bega lake kati ya Mwinjuma na yule mama mwenye mtoto. Hakusikia uzito wowote. Gari lilikuwa juu kidogo ya bega lake, na hata alipochuchumia halikumgusa.

"Rudi ndani," Bibi Stefania alimwambia, akiwa upande wa pili. "Kaa na mtoto. Hii ni kazi yetu."

"Mama, mpaka lini?"

"Hatukuambiwa. Panda, unatuchelewesha."

Akapanda.

Safari ya mwisho wa kiangazi walitoka kama kawaida. Kwenye ule mwinuko kabla ya mkonge wabebaji walipunguza mwendo. Kupokezana kulikuwa kumeanza kuchukua muda. Aliyepita mbele alisimama kwanza, akashika kiuno, ndipo akaweka bega. Mwalimu wa madrasa alikuwa anasoma kitu kwa sauti ya chini, anakatisha, anaanza tena. Hiza alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, kama mtu anayeendesha. Janeth alitazama kioo cheusi cha dashibodi, akajiona mle ndani, yeye na mtoto, wadogo.

Bibi Stefania alifika zamu yake upande wa dirisha. Kitenge kilikuwa kimemlegea kichwani, na hakuwa na mkono wa kukirekebisha. Rhoda aliinuka mapajani, akabandika paji la uso kwenye kioo cha mlango, akamtazama kwa muda.

"Mama," alisema, "bibi amechoka."