Kanuni ya Sentimita Tisa

Kila asubuhi, saa mbili kasoro robo, meneja wa kampuni ya bima alipiga goti mlangoni na rula ya mbao, akapima visigino vya viatu vya wafanyakazi wa kike. Kanuni ilidai sentimita tisa. Yeye mwenyewe alishinda na ndara, maana alikuwa na jongo, na jongo, alisema, si jambo la mzaha.

Dada wa mapokezi alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja juu ya mchuchumio. Alijaribu plasta, alijaribu pamba kati ya vidole, na kila jioni mama yake alimpashia beseni la maji ya chumvi. "Mwanangu, hii miguu unaitoa sadaka," mama alimwambia. Nyuma ya kaunta hapakuwa na kiti, kwa kuwa kiti kinaficha viatu. Dada hakutaka makubwa duniani, ila siku moja ya kazi isiyouma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na meneja alikuwa hai kabisa.

Jumanne moja mchana alivua viatu nyuma ya kaunta apumue kidogo. Miguu haikushuka. Ilibaki palepale, sentimita tisa juu ya zulia, nyayo zikipigwa na upepo wa feni. Akayasubiri maumivu, hayakuja. Machozi ya raha yakamtoka. Mteja aliyekuwa mbele yake alichungulia chini, kisha akauliza kama fomu ya madai hujazwa kwa wino mweusi au wa bluu.

"Wa bluu, baba," akajibu.

Karani wa mihuri akamsogelea. "Shoga, unaelea."

"Naona."

"Panauma?"

"Hata kidogo."

Karani akaguna kwa wivu, akarudi kwenye mihuri yake.

Siku mbili, meneja akiwa amelazwa nyumbani na jongo lake, alikwenda hivyo, msalani na kwenye chumba cha mafaili, pekupeku na bila kukanyaga kitu. Nyumbani mama aliligeuza beseni kuwa la kuoshea mboga.

Ijumaa meneja alirudi, akampima. Kutoka zuliani hadi kisigino kitupu, tisa kamili. Akapima tena. Hakuwa mtu wa kubishana na rula.

"Urefu upo," akasema. "Viatu viko wapi?"

"Bosi, si kanuni inataka urefu?"

"Inataka urefu wa kiatu. Vaa."

Akavaa. Viatu navyo vikaelea, na rula ikasoma kumi na nane. Maumivu yakarudi, kila moja kwenye kidole chake, ingawa hakuwa amekanyaga chochote. Uso wa meneja ukang'aa.

Jumatatu tangazo lilibandikwa ukutani: kwa kuwa imedhihirika kwamba inawezekana, kiwango kipya ni sentimita kumi na nane. Karani wa mihuri alifika na tisa zake, akapewa barua ya onyo. Jioni mama alizitoa mboga kwenye beseni, akaweka maji jikoni.

Mwezi uliofuata aliajiriwa binti mpya. Alimtazama dada wa mapokezi aliyekuwa ameinama kuikwepa taa, kisha akamgeukia meneja.

"Samahani bosi, yule anafikaje pale?"

"Juhudi," meneja akasema, akairudisha miguu kwenye ndara zake.