Fundi Sadallah na Simu ya Ukweli

Watu wa Njoro wanajua kuwa Fundi Sadallah hutengeneza makochi mazuri, na wanajua pia kuwa ukimpa kazi atakwambia uje Ijumaa. Hasemi ni Ijumaa gani. Ukija, atakueleza kuwa kitambaa kimekwama Arusha, au sponji imeadimika, au umeme ulikatika, na atakueleza kwa upole hata uondoke umemwombea dua. Huyo ndiye aliyekwenda kununua kitu cha kunasa waongo.

Kitu chenyewe kilikuwa programu ya simu. Nikunj, muuza simu wa mjini, alimwambia kuwa mtu akidanganya koo hukaza, sauti ikatikisika kidogo pasipo sikio kusikia, na programu ile huisikia. Msemaji akisema kweli, kioo hubaki kijani. Akidanganya, huwa chekundu na simu hutetemeka. Sadallah alilipa bila kuomba apunguziwe, na Nikunj alimtazama mara mbili kuhakikisha ni yeye.

Hakununua kwa mchezo. Jumapili ile wageni wangekuja kutoka Kahe kumposa binti yake Ummy kwa niaba ya kijana aitwaye Shakiru. Ummy alimtaka, na mama yake, Mwanaasha, alishachagua hata rangi ya sare. Sadallah ndiye aliyebaki. Binti alikuwa huyo huyo mmoja, na aliogopa kwa dhati kumtia mikononi mwa mwongo. Akaapa mbele ya mkewe kwamba kijana akidanganya hata mara moja, posa imekwisha.

Kwanza akaijaribu simu mtaani, ikiwa ndani ya mfuko wa shati. Aliuliza watu habari za nyumbani, wakajibu nzuri, mfuko ukatetemeka. Alimuuliza muuza maandazi kama ni ya leo, ukatetemeka. Jirani aliyemwambia karibu chai aliitetemesha simu hata kabla hajafika kwenye chai. Ilipofika Jumatano, Sadallah alikuwa amegundua kuwa Njoro nzima ni waongo, na akaanza kuwaitikia watu salamu kwa kichwa tu.

Tatizo lilikuja mteja mmoja alipopita karakana, Sadallah akamwambia asiwe na wasiwasi, Ijumaa. Simu ikatetemeka. Akaitoa, akaipigapiga kiganjani.

"Mtandao," alimwambia Mwanaasha, aliyekuwa amemletea chakula. "Fundi hadanganyi. Fundi anapanga."

Mwanaasha akamuuliza imekuwaje mtandao ukorofishe pale tu anapofungua kinywa yeye. Sadallah alikwenda kutafuta nyundo.

Jumapili ikafika, na sebule ilipendeza kuliko siku zote. Kinyozi hajinyoi, na makochi ya fundi mwenyewe yalikuwa yametoboka hadi springi zinachungulia. Kwa hiyo alikuwa ameleta kutoka karakana makochi ya mahameli ya buluu yenye maua ya dhahabu, mali ya Mwalimu Eunike wa mtaa wa Soweto, ambaye alikuwa akiambiwa Ijumaa tangu mvua za masika. Mwanaasha aliyafunika kwa vitambaa vyeupe, lakini maua yalionekana tu pembeni. Ni kwa siku moja, Sadallah alisema.

Mshenga wa upande wa kijana, Mzee Mbaruku, alianza kama inavyostahili. Alisema walikuwa wakipita njia, wakaona ua bustanini, wakaona heri waingie kumwuliza mwenye bustani. Juu ya meza ya kioo, chini ya kitambaa, simu ikatetemeka. Mzee Mbaruku akanyamaza kwa adabu, akamwambia mwenyeji apokee, huenda ni jambo muhimu.

Sadallah hakupokea. Aliwaruka wazee akamgeukia Shakiru, jambo lisilofanywa, akamuuliza kama ana nyumba.

"Ninajenga, mzee," alisema Shakiru. "Imebaki kupaua tu."

Simu ilitetemeka hadi vijiko vikalia kwenye visahani. Sadallah akaitoa, akaiinua ili wote waone ule wekundu, akawaeleza ni simu ya nini. Kijana akatazama viatu vyake. Alisema polepole kwamba msingi ndio umekwisha, kuta bado.

Nyuma ya pazia la jikoni Ummy alisikika akilia. Sadallah alisikia, na moyo ukamwuma, lakini alikuwa ameapa. Akafungua kinywa kuyavunja mazungumzo. Ndipo hodi ikapigwa.

Alikuwa Mwalimu Eunike, ametoka kanisani na gauni lake la Jumapili. Karakana aliikuta imefungwa, akaonelea aje nyumbani. Akawaamkia wazee shikamoo, kisha akauliza habari za makochi yake.

Ulimi wa Sadallah ukashika njia uliyoizoea.

"Mwalimu, kitambaa bado kimekwama Arusha. Njoo Ijumaa."

Simu ilikuwa bado mkononi, imeinuliwa juu. Ikawa nyekundu mbele ya watu wote, ikatetemeka. Mwalimu Eunike aliitazama simu, akamtazama fundi, kisha macho yake yakashuka taratibu hadi kwenye maua ya dhahabu aliyoyachagua mwenyewe, ambayo Mzee Mbaruku alikuwa ameyakalia. Sadallah alitamani sakafu ipasuke.

Shakiru akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Haya ni ya kwetu Kahe, fundi aliyashona pamoja na yako kwa kitambaa kimoja. Ya kwako nimeyaona karakana, yamebaki vifungo. Kesho asubuhi nitakuletea mwenyewe."

Simu ilitetemeka tangu neno la kwanza hadi la mwisho, hata mkono wa Sadallah ukafa ganzi. Akaisukuma chini ya mto wa kochi, akaikalia.

"Mtandao," alisema.

Mwalimu Eunike alikuwa amefundisha miaka mingi na visingizio vya watoto alivijua vyote. Alimtazama yule kijana kwa muda.

"Kesho asubuhi, basi," alisema, akamgeukia Mzee Mbaruku aliyeshika soda. "Na wewe mzee wangu, angalia hiyo soda isije ikamwagikia kochi la watu wa Kahe."

Mwalimu akaondoka. Sadallah aliona haya kuinua uso. Alikuwa amemvua nguo mtoto wa watu mbele ya wazee wake, na mtoto huyo huyo alikuwa amemsitiri. Mzee Mbaruku akakohoa, akakumbusha kwamba walikuwa wakizungumzia ua.

"Ua ni lenu," alisema Sadallah.

Vigelegele vya Mwanaasha vilitoka jikoni kabla hajamaliza. Sadallah akajifuta uso, akamgeukia mkwewe na kumuuliza, kwa upole safari hii, ile nyumba itapauliwa lini.

Shakiru akautupia jicho ule mto.

"Ijumaa, mzee."

Chini ya mto simu ikatetemeka. Sadallah akajikita vizuri kwenye kochi la Mwalimu Eunike, akasema Ijumaa ni siku njema.