Vumbi Lililoondolewa Mara Mbili

Kwa miaka alikuwa akiwachosha watu na jambo moja: galaksi hazizai nyota kwa kasi sawa. Nyingine zina gesi baridi tele, inajikusanya na kubanana mpaka nyota zinawaka. Nyingine gesi yao imepata joto au imekwisha, zimekaa tu kama jiko lisilo na kuni. Na yeye, binti wa fundi cherehani, aliibua kundi la galaksi zenye gesi kiduchu ambazo zilizaa nyota bila breki. Ndizo zilizomfikisha kwenye siku hii ya kutetea shahada yake ya uzamivu.

Asubuhi, kwenye korido, mwenzake aliyemwandalia picha za darubini alimtakia heri, akamtania kwamba akishakuwa daktari asimsahau, maana hata vumbi alimwondolea.

"Vumbi lipi?" aliuliza.

Ni lile vumbi la ndani ya galaksi, linaloziba mwanga wa nyota changa. Kila mtafiti huurudisha mwanga huo kwa hesabu kabla ya kukadiria nyota zinazozaliwa, na huurudisha mara moja tu. Mwenzake alikwisha kuurudisha. Yeye naye, bila kuuliza, akaurudisha tena, nyota zikaonekana nyingi kuliko zilivyo.

Alijifungia chooni, kompyuta magotini. Akakokotoa upya galaksi moja, nyingine, nyingine tena, akiomba walau moja imwokoe. Zote zilinywea. Zilikuwa galaksi za kawaida kabisa, gesi kiduchu, nyota kiduchu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Msimamizi wake alimsikiliza akiwa wima, jicho kwenye saa. "Tetea leo, binti yangu," alisema. "Masahihisho tutayafanya kimyakimya."

Ukumbini baba yake alikuwa ameshakaa mstari wa mbele, ndani ya koti alilojishonea mwenyewe. Mapema alikuwa amemwuliza makofi hupigwa wakati gani, asije akamwaibisha mbele ya wasomi, naye binti akamwambia, "Nikishamaliza kujibu swali la kwanza." Sikio la mzee halikuwa zuri tena, na galaksi alizijua kwa jina tu.

Mtahini akauliza kwa upole ni kwa nini galaksi zile zinazaa nyota nyingi kuliko nyingine.

Binti alimtazama msimamizi. Msimamizi akainamia karatasi zake. Jibu la uongo alikuwa nalo tayari, tena limenyooka, na alilitaka kwa moyo wake wote. Akajikaza kisabuni.

"Hazizai kuliko nyingine," alisema. "Nilikosea hesabu ya vumbi. Humo hamna kitu."

Ndipo baba yake akainuka, akaanza kupiga makofi peke yake, kwa nguvu, akigeuka huku na huku kuwaalika wengine.